Niage Kwanza

Siku niliyomfumania fundi makochi akitoroka kituoni kwangu na viatu mkononi, ndiyo siku niliyojua kwamba nampenda. Sijui ni mwanamke gani mwenye akili timamu anayempenda mwanamume kwa kumkuta ananyata jikoni kwa watu, soksi imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Lakini moyo haushauriwi, na wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Ilikuwa saa ya kupokea watoto. Wazazi walikuwa wamejazana mlangoni na mabegi madogo na chupa za maji, na chumba kikubwa kilikuwa na kelele za ndoo za vitu vya kuchezea zinazomwagwa sakafuni. Binti yake wa miaka mitatu na ushee, ambaye sote tunamwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea redio izimwe tu, alikuwa amekaa mkekani anapanga vipande vya mbao, ameupa mlango mgongo. Baba mtu kuona hivyo akavua viatu taratibu, akapita nyuma ya kabati la mashuka, akaingia jikoni ili atokee mlango wa nyuma. Bahati mbaya yake, mimi nilikuwa humo nachukua vikombe.

"Fundi," nikamwambia, "umeiba au umeibiwa?"

Akaruka kidogo. "Mwalimu, tafadhali. Sauti." Alikuwa ananong'ona. "Viatu vinalia kwenye vigae. Akinisikia ataanza kulia."

"Na asipokusikia?"

"Asiponisikia hatajua nimeondoka."

Mpishi wetu, mama mtu mzima anayekata karoti utadhani wamegombana, hakuinua hata kichwa. "Atajua," akasema. "Jana alijua kabla hujafika getini."

"Jana mliniambia alinyamaza."

"Alinyamaza kwa kuchoka," nikasema. "Fundi, nikupe ukweli mchana kweupe? Ukimuaga atalia. Usipomuaga atalia zaidi. Tofauti ni kwamba kile kilio cha pili hukisikii wewe. Nakisikia mimi."

Akaniangalia. Ana macho ya mtu mpole aliyezoea kuinamia kazi, na siku zote kuna vijipande vya sponji vimemng'ang'ania nywele, kumbukumbu ya kochi alilokuwa akilijaza. Miezi yote aliyokuwa akimleta binti yake mkono wangu ulikuwa unawasha kutaka kuvitoa kimoja kimoja. Niliushikisha kikombe.

"Siwezi, mwalimu," akasema. "Nikimtazama usoni nikamwambia naondoka, miguu inaniisha nguvu. Tangu mama yake..."

Akaishia hapo. Huwa anaishia hapo. Nilijua mkewe alifariki, mwaka na kitu umepita, na sikuwahi kuuliza zaidi kwa kuwa sikutaka kuchokonoa kidonda cha mtu. Kabla sijapata la kumjibu, sauti ikatoka chumba kikubwa. Haikuwa kelele. Ilikuwa swali.

"Baba?"

Tukasikia miguu midogo inakuja mbio. Fundi akanitupia jicho la kuomba msamaha, akafungua mlango wa nyuma, akatoweka. Dirishani nikamwona anarukaruka kwa mguu mmoja juu ya kokoto, anajaribu kuvaa kiatu huku anakimbia. Nilimpenda, na wakati huohuo nilitamani kumrushia kikombe.

Chiriku hakulia mara moja. Alimtafuta kwanza. Alichungulia chini ya meza, nyuma ya kabati, chooni, ndani ya sanduku la midoli. Akarudia tena. Alipohakikisha kwamba hayupo ndipo alipofungua kinywa, na alipokifunga alinishika pindo la gauni na hakuliachia tena. Nikienda stoo, yumo. Nikinawa mikono, yupo. Mpishi alinitania kwamba safari hii nimeota mkia.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na vilio vya asubuhi navijua. Kipo cha usingizi, kipo cha hasira, kipo cha kumwonyesha mama tu, ambacho gari likikata kona kinaisha. Mimi mwenyewe niliwahi kuachwa na bwana mmoja aliyesema anakwenda kumtazama mgonjwa, na naona mgonjwa huyo hajapona mpaka leo. Kwa hiyo kuachwa nakufahamu. Lakini hiki cha Chiriku kilikuwa kigeni kwangu, na kilinikosesha raha.

Mchana, wenzake wote walilala kwenye magodoro madogo ambayo baba yake ndiye aliyetushonea upya. Yeye alikaa wima, macho mlangoni.

"Lala, mama," nikamwambia. Nikampapasa mgongo.

"Nikilala, utaenda dukani?"

"Siendi popote. Nipo hapa."

"Mama alienda dukani," akasema. Alisema kama mtu anayekupa habari za kawaida. "Mimi nilikuwa nimelala. Hajarudi. Duka liko mbali."

Mkono wangu ukasimama mgongoni kwake. Kila kitu kikanyooka mbele yangu: msako wa chini ya meza, pindo la gauni, usingizi unaokataliwa. Mtoto huyu hakuwa mdekaji. Alikuwa analinda watu wasipotee.

*

Jioni fundi hakuja peke yake. Alikuja na mama mkwe wake, mama wa marehemu, aliyekuwa amefika wiki ile kutoka mji mwingine. Mwanamke mnyoofu, kanga imepigwa pasi, mkoba ameushika tumboni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Akanipima kuanzia kilemba mpaka ndara, akarudi juu. "Ndiye mwalimu mwenyewe? Nimekusikia. Mdomoni kwa mkwe wangu jina lako halikauki. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kacheka vile."

Fundi akawa anakagua vigae.

"Basi sitakuchosha," bibi akaendelea. "Jumamosi nasafiri, na mjukuu wangu nasafiri naye. Mtoto anayelia kila asubuhi hana malezi. Mimi nipo nyumbani kutwa, hataachwa na mtu."

Nikamgeukia fundi. "Baba Chiriku, umekubali?"

"Mama ana haki," akajibu bila kuniangalia. "Kila asubuhi namliza. Labda mimi si mtu wa kulea."

Neno hilo liliniuma kuliko la safari. Mtu huyu huyu anamsuka binti yake nywele kwa vidole vilivyojaa makovu ya sindano, mistari imepinda lakini imekaa. Nikaona wazi kwamba wiki ile ile nitampoteza mtoto, na baba yake atapotea nyuma ya mtoto, maana mwanamume aliyenyang'anywa mwanawe kwa kukiri mwenyewe kwamba hafai hawezi tena kumtazama mwanamke machoni.

"Karibuni ndani," nikasema. "Kabla hamjafunga mzigo, nina swali moja."

Chiriku nilimwacha jikoni akimsaidia mpishi kufuta vijiko. Sisi tukaingia chumba cha kulala watoto, tukakaa kwenye vile viti vyao vidogo, magoti yanagusa kidevu. Fundi mrefu yule alikuwa kama amekunjwa.

"Nani alimwambia mtoto kwamba mama yake ameenda dukani?"

Fundi akafungua mdomo, bibi akamzuia kwa kiganja.

"Mimi," akasema. "Aliamka alfajiri ile anamtafuta mama yake kitandani. Nyumba imejaa watu wanalia. Mwanangu yuko hospitali amefunikwa shuka. Wewe ungemwambia nini, mwalimu?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Nilimwambia mama ameenda dukani, anarudi. Nilitaka anyamaze, akanyamaza."

"Akanyamaza akaanza kungoja," nikasema. "Anangoja mpaka leo. Na kila anayetoka bila kuaga, yeye anajua amekwenda kulekule. Baba yake anatoka hivyo kila asubuhi."

Fundi akaufunika uso kwa mikono yake mikubwa. Sauti ikatoka humo humo kwenye viganja. "Kila tukipita duka anachungulia ndani. Kila duka. Nilidhani anataka pipi. Namnunulia pipi, halafu haili."

Bibi alilegeza mkoba.

"Sasa unatakaje?" akaniuliza, lakini makali yalikuwa yamerudi. "Mtoto mdogo vile aambiwe mama yake kafa?"

"Aambiwe. Kwa neno hilohilo. Tukisema amelala, hatalala tena usiku. Tukisema amesafiri, ataogopa kila begi."

"Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Basi hujui."

"La kuzika mtoto silijui, mama, na nakuinamia. Najua la kuacha watoto mlangoni. Hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo inayonilisha."

Kisha akalisema lile lililokuwa linazunguka chumbani tangu wameingia. "Na tusifichane. Unamtaka mkwe wangu. Kiti cha mwanangu bado kina joto, wewe umeshakitolea macho."

Fundi akainuka nusu, kiti kikamganda. "Mama, mwalimu hajawahi kunitamkia neno."

"Nilisema ametamka? Nimesema macho."

Ningeweza kukana. Nilikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni, umeiva. Lakini tulikuwa tumekaa pale kwa sababu ya uongo mwingine mzuri, na nikaona aibu kuongeza wa pili.

"La kwangu nitakujibu, mama," nikasema. "Lakini la mtoto litangulie. Na hata ukiondoka naye Jumamosi, usiondoke naye akiwa bado anangoja mtu dukani."

Bibi akashusha pumzi ndefu. Akamgeukia mkwewe. "Wewe ni baba yake. Amua."

Fundi alitoka, akarudi amemshika Chiriku mkono. Alipiga magoti sakafuni, uso kwa uso. Nilitaka kumsaidia. Nilijizuia, kwa sababu lilikuwa lake.

"Mama hakwenda dukani," akamwambia. "Tulikosea kukuambia hivyo. Mama aliumwa sana, mwili wake ukashindwa, akafa. Mtu akifa hawezi kurudi. Angeweza, angerudi mbio."

Chiriku alifikiri. Kidole kilikuwa kinachezea kifungo cha shati la baba yake. "Hata nikikaa vizuri?"

"Hata ukikaa vizuri. Hukufanya kosa lolote."

"Hata nisipolala?"

"Hata usipolala, mwanangu. Lala tu."

"Na wewe?"

"Mimi naenda kazini. Kazini watu wanarudi." Sauti ilikatika, akaishona tena. "Na sitaondoka tena bila kukuaga. Nikivunja hilo, mwambie mwalimu anichape."

"Anti hachapi watu," akasema Chiriku, kisha akakilaza kichwa begani kwake na kulia. Alilia sana. Baba yake naye alilia, na bibi akageukia ukutani na kanga yake. Mimi nilitoka kwenda kufuta vijiko ambavyo vilikwisha kufutwa.

Wakiwa wanaondoka bibi alisimama getini. "Kesho nitakuja nione kwa macho yangu. Nikimwona anateseka, safari iko palepale."

Nilimvuta fundi pembeni, nikamweleza tunavyofanya hapa kwetu mzazi akiwa tayari. Mtoto haachwi, mtoto ndiye anayemtoa mzazi. Mnakumbatiana, mnaambiana lini mtaonana, kisha yeye mwenyewe anakusukuma kwa mikono yake mpaka nje, anafunga mlango, anakimbilia dirishani kukupungia.

"Anisukume?" Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa nguvu zake zote. Na usimpe saa, hajui saa. Mwambie baada ya kulala na baada ya matunda. Ukisema baada ya matunda, fundi, uwe hapa baada ya matunda, hata kochi la bosi libaki na miguu mitatu."

"Na akilia nikiwa nje?"

"Nitakuwa naye. Wewe nenda. Ukirudi kwa sababu ya kilio, kesho atajua kulia ndiyo kamba ya kukuvutia, na atavuta mpaka mikono imtoke malengelenge."

Alinitazama kwa namna ambayo iliniweka macho usiku hadi nikachoka kugeuza mto.

*

Asubuhi bibi aliingia kwa mlango wa nyuma, tukamweka jikoni penye kidirisha kinachotazama chumba kikubwa. Nilimpa kiti. Hakukikalia.

Chiriku aliingia amemshika baba yake kidole. Hakwenda mkekani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa jikoni kumtafuta mpishi.

"Mama yangu alikufa," akamwarifu. "Hakwenda dukani."

Mpishi akaweka kisu chini, akafuta mikono. "Pole sana, mama."

"Asante," akajibu Chiriku, akageuka. Alikuwa ameutua mzigo wake, na mimi nikaitua ndoo ya midoli niliyokuwa nimebeba.

Mlangoni fundi alichuchumaa. Safari hii hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mtu mzima, wazazi wengine wakasikia. "Naenda kazini. Utacheza, utakula, utalala, utakula matunda, halafu mimi nitaingia kwa mlango huu."

"Huu?"

"Huu huu. Sasa nisukume."

Akamwekea viganja mapajani na kusukuma. Fundi hakusogea. Hakuwa anatania. Miguu ilikuwa imegoma kweli, nikaiona.

"Baba, toka," akasema Chiriku, amekaza uso.

Watu wakacheka, na hicho kicheko kilimfungua. Akarudi hatua moja, ya pili, akavuka kizingiti. Chiriku akaufunga mlango kwa mgongo wake kama anayezuia ng'ombe, akatimua mbio dirishani, akapunga. Baba akapunga. Akageuka.

Ndipo mdomo wa chini ulipoanza kucheza. Nilimbeba kabla kilio hakijatoka, na kilipotoka kilitoka chote. Nje, fundi alifika getini akasikia. Akasimama. Mkono juu ya komeo, mgongo kwetu, na mgongo ule ulikuwa unapigana.

Jikoni kiti kilianguka. "Mwiteni arudi," bibi akasema. "Mwiteni, mnamuua mtoto."

"Subiri, mama," nikasikia mpishi.

"Nasema mwite."

"Na mimi nasema subiri. Baba yake naye yuko hapo nje anajifunza."

Sikuweza kumsaidia yeyote. Nilikuwa na mtoto kiunoni na roho mkononi. Nenda, nilimwambia ule mgongo kimoyomoyo. Ukigeuka sasa umempoteza, na mimi umenipoteza, nenda mpenzi wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, hata kimoyomoyo.

Akavuta komeo. Akatoka. Geti likafungwa polepole.

"Nataka baba," Chiriku akalia shingoni kwangu.

"Unamtaka baba. Najua. Anakuja lini?"

"Baada..." Kwikwi ikamkata. "Baada ya matunda."

"Na kabla ya matunda kuna nini?"

"Kulala."

"Na kabla ya kulala?"

Hakunijibu. Juu ya bega langu alikuwa ameona mtoto mmoja wa mashavu, jina la utani Donge, akibomoa mnara wa mbao aliouacha yeye jana. Kilio kikakatika katikati. "Huo wangu," akasema kwa ukali. Akajichomoa mikononi mwangu, akateremka, akaenda kugombana kama mtoto yeyote mwenye shughuli zake.

Pindo la gauni langu lilibaki huru asubuhi nzima. Nilienda stoo peke yangu. Nilisimama humo katikati ya makopo ya rangi nikacheka na kufuta machozi, sijui kipi kilitangulia.

Mchana alilala. Aliuliza tu, "Nikiamka, matunda?" nikasema ndiyo, akageukia ukuta akapotea. Bibi alikuja akasimama kwenye fremu ya mlango, akawa anaangalia kile kifua kidogo kinavyopanda na kushuka. Nilimwachia mahali pale. Hakuondoka mpaka watoto walipoamka.

Bakuli za matunda zilipoanza kukusanywa, mimi ndiye niliyekuwa na homa. Macho yangu na mlango. Vipi akichelewa, vipi gundi haikukauka, vipi mteja kang'ang'ana? Mpishi akanipita na sinia. "Tulia, mwali," akanong'ona. "Tangu watoto walale amekaa kwenye jiwe nje ya geti. Nimempelekea maji. Anaogopa akiingia mapema ataharibu."

Chiriku alimeza kipande cha mwisho. Mlango ukafunguliwa.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

Akamwangalia kidogo, kama anayehakiki. Kisha akageukia mbao zake. "Subiri kwanza. Sijamaliza."

Fundi alisimama pale na jasho lake na sponji zake kichwani, na uso ukamfunguka wote. Nimeona wazazi wengi wakikimbiliwa na watoto mlangoni na ni kitu kizuri. Sijawahi kuona mzazi akifurahi hivyo kwa kuambiwa asubiri.

Bibi alitoka jikoni. Alipita katikati ya midoli, akaketi kwenye kiti kidogo karibu nami, mkoba miguuni. Kwa muda tulitazama mnara ukipanda.

"Sikumwambia vile kwa ajili yake tu," akasema, taratibu, ni mimi pekee niliyemsikia. "Na mimi nilitaka awe dukani. Nilikuwa nikisema, nami naamini kidogo. Mwaka mzima sijatamka kwamba amekufa. Leo nimekisikia kitoto kile kinamwambia mpishi, nami nikaitikia kimoyomoyo humo jikoni."

Nilimshika mkono. Hakuutoa.

"Nguo za mtoto nitazirudisha kabatini," akaendelea. "Nitaondoka Jumamosi peke yangu. Nitamuaga, ninyi msiniangalie nikilia." Akajifuta kwa ncha ya kanga, akanyoosha mgongo, na yule mama mkwe wa jana akarudi mahali pake. "Haya. La mtoto limetangulia. Sasa la kwako. Uliahidi."

"Hapa, mama?"

"Unataka ukumbi?"

Mpishi alikuwa ameacha kuosha vyombo. Fundi alikuwa ameinua kichwa. Alisikia, na alijua.

"Nampenda," nikasema. "Sikitaki kiti cha mwanao. Naomba nije na changu, nikae kando yake, na picha ya mama Chiriku ikae ukutani siku zote. Na mtoto ndiye niliyeanza kumpenda, baba yake amefuata."

Bibi alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Akamtazama mkwewe. "Umesikia? Kijana wangu, mwaka mzima unanyata nyumbani kwako kama mwizi. Hata jina la marehemu unalinyatia. Mwanangu alikupenda kwa sababu ulikuwa na sauti. Iko wapi?"

Fundi alivuka chumba. Alipita mkekani kwa uangalifu asiangushe mnara, akaja akasimama mbele yangu, na mimi nikainuka kwa sababu sikuweza kubaki nimekaa. Niliinua mkono, na safari hii sikuushikisha kikombe. Nilimtoa kipande cha sponji juu ya sikio. Akaukamata ule mkono, akaubakiza pale pale shavuni kwake. Alipofungua kinywa sauti ilijaza chumba, wazazi waliokuwa wanaingia wakasimama mlangoni na mabegi yao.

"Nakupenda, mwalimu," akasema. "Niambie kwenu wanapokea wageni siku gani."